Shemeji Aliyezama

Wiki iliyopita jirani yangu hapa Tanga alipaka nyumba yake chokaa. Vijana waliikoroga uani ndani ya pipa, na harufu ikavuka ukuta ikaniingia jikoni, harufu ya udongo mweupe uliolowa. Nilikuwa nachambua mchele. Asubuhi ya siku hiyohiyo mpwa wangu alikuwa amenipigia simu kutoka Mahajanga kuniambia kwamba mama yake, dada yangu Hadija, amefariki usingizini na wamekwisha mzika. Nilisema inna lillahi, nikamuuliza kama watu wamekula, nikakata simu, nikarudi kwenye mchele wangu. Majirani waliokuja kunipa pole walinikuta nimekaa kitako, ungo mapajani, macho makavu, wakaanza kutazamana. Mmoja akaninong'oneza kwamba kulia si aibu. Najua si aibu. Machozi sikuwa nayo, basi.

Wenzangu wa rika langu watanielewa nikisema kwamba ganzi niliyonayo ina umri mkubwa kuliko msiba huu. Naijua ilipoanzia. Ilianza nikiwa mtoto, mwaka ule dada yangu alipokaliwa na mfalme.

Tulizaliwa kisiwani Nosy Be, katika nchi ya Wamalagasi, mji wa Dzamandzar, ambako kila kitu kilinuka sukari inayochemshwa: nguo, nywele, hata maji ya kutawadha. Baba alikuwa mtu wa asili ya Ngazija, fundi wa mitambo kiwandani. Mama alikuwa Msakalava wa palepale kisiwani. Uhuru ulikuwa bado mpya. Shuleni tulifundishwa wimbo wa taifa na kusimamishwa juani mbele ya bendera, lakini honi ya kiwanda ililia saa zilezile, na Wafaransa waliomwamuru Baba walikuwa walewale. Nyumbani Baba alitusemesha Kikomoro na Mama Kimalagasi cha kwao. Kiswahili tulikijua kwa vipande tu, maneno ya dini na ya bahari, mpaka ndoa iliponileta huku ukubwani. Kwa hiyo haya ninayowasimulia hayakusemwa kwa lugha hii. Nimeyahamisha mwenyewe, na kama yamepungua njiani, mniwie radhi.

Hadija alikuwa mwari wa kuolewa, mimi bado nacheza kombolela. Alianza kuugua msimu wa kukata miwa. Alikuwa akianguka ghafla, mara jikoni, mara kisimani, na mkono wake wa kushoto ulijifunga ngumi ukawa wa baridi, haukufunguka hata kwa mafuta ya moto. Zahanati ya kiwanda ilimpa kwinini. Baba alimletea mtu wa kumsomea. Mama yeye hakuhangaika. Alimtazama mwanawe siku nyingi, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya chumvi kwamba Hadija anatafutwa.

Kwao Mama, wafalme wakifa hawaendi mbali. Humrudia mtu aliye hai wakamkalia, wakasema kwa ulimi wake, na mwenye mwili anakuwa hayupo mpaka mgeni aondoke. Mgeni wa namna hiyo huitwa tromba. Akishatambuliwa hualikwa kwa heshima aseme jina lake mbele ya watu, na akishalisema mgonjwa hupona, ila wanakuwa wawili. Ningeweza kusema kwamba Wasakalava wanaamini hivyo, nikaishia hapo kama msomi. Lakini mimi nilikuwepo.

Waliita mpiga akodiani. Waliweka sahani nyeupe ya maji yenye sarafu kuukuu za fedha, wakampaka Hadija udongo mweupe usoni, wakaimba na kupiga makofi tangu asubuhi. Alasiri Hadija akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa chake. Nywele zake, zilizokuwa zimesukwa na kavu, zikaanza kuchuruzika maji. Yalishuka shingoni, yakapita mikononi, yakaingia kwenye mkeka. Kisha akainua uso akatutazama mmoja mmoja kama mtu aliyefika ugenini akitafuta pa kukaa.

Mgeni alilitaja jina lake, nami nalikumbuka, ila silisemi. Jina la mfalme aliyekufa halitamkwi ovyo, na sidhani uzee umenipa ruhusa. Tulimwita Ampanjaka, yaani mfalme, ingawa alikufa kijana kabla hajatawala chochote. Alizama enzi za mababu, watu wake walipokuwa wakiwakimbia askari wa nyanda za juu na kuvuka kuja Nosy Be. Chombo kilijaa mno. Akashuka majini ili wanawake wasizame, akaning'inia ubavuni kwa mkono wa kushoto, mpaka mkono ukafa ganzi ukaachia. Alisimulia hivyo bila huzuni, kama mtu anayeeleza jinsi alivyoachwa na gari.

Basi akawa anakuja. Siku nyingine alikaa mchana kutwa, siku nyingine alipita tu. Baba, akisikia kile kikohozi, alikuwa akivaa kofia na kwenda msikitini hata kama sala bado. Mkeka ulipokauka uliacha chumvi, na Mama aliikwangua kwa kisu.

Mimi nilitazamia mfalme awe mkali, kumbe alikuwa mdadisi. Alipenda marashi, alipenda sigara, aliishika kwa kuificha ndani ya kiganja kama anayeogopa upepo. Siku ya kwanza aliposikia garimoshi dogo la kubebea miwa likipita nyuma ya nyumba, aliniuliza ni mnyama gani. Nikamweleza. Aliuliza kuhusu taa za umeme za kiwandani, kuhusu baiskeli ya Baba, kuhusu shule. Mimi ndiye niliyekuwa nasoma nyumba nzima, kwa hiyo maswali yote yalinijia mimi. Aliuliza bendera ile ni ya nani. Nikamwambia kwamba sasa watu wa nyanda za juu na sisi wa pwani ni nchi moja, na sote tunaimba wimbo mmoja. Maji yakadondoka kutoka kwenye nywele.

"Ningejua," akasema, "ningesubiri."

Akaangua kicheko. Nami nikacheka, ingawa sikujua tunacheka nini. Hakuna mtu mzima aliyewahi kunisikiliza namna ile. Baba alinisikiliza huku akitafuta viatu vyake, Mama alinisikiliza huku akikuna nazi. Huyu alinyamaza mpaka nimalize.

Na alikuwa akiniita mke wake. Mara ya kwanza nilikuwa nimeleta makaa ya kufukizia ubani. Akapiga mkeka kwa kiganja, akasema, "Mke wangu mdogo, njoo ukae." Mama na shoga zake walicheka mpaka wakafuta machozi, na mimi nikadhani ni furaha, kama wanawake wanavyocheka harusini. Tangu hapo akawa haniiti jina jingine. Mke wangu mdogo, habari za shule. Mke wangu mdogo, mbona umenuna.

Wasomaji wangu wa pwani wamekwisha fahamu. Mtu na mdogo wa mkewe hutaniana, na utani wenyewe ndio huo. Tromba naye huhesabiwa kuwa ni kama mume wa yule aliyemkalia, kwa hiyo dada mtu alipata mume na mimi nikapata shemeji. Lakini sisi nyumbani hatukuwa na shemeji. Hadija ndiye alikuwa mkubwa, na shangazi zetu walikuwa mbali. Shemeji wa kwanza kuingia mlangoni kwetu alikuwa maiti wa miaka mingi, na sikuwa nimefundishwa jinsi shemeji anavyosema. Nilichukua kila neno kama lilivyo.

Nilimpenda. Nalisema wazi kwa sababu sina tena wa kumficha. Nilimpenda kwa kiburi, nikawa nawaangalia wasichana wenzangu darasani kwa jicho la huruma, wao watakaoolewa na wapakia miwa. Sikumwona dada yangu nilipomtazama Ampanjaka. Uso ulikuwa wa Hadija, mikono ya Hadija, na bado akija yeye nilikuwa namwona mwanamume, tena mrefu. Watoto wanaweza mambo mengi.

Hadija mwenyewe hakumjua. Hili ndilo ambalo wakati ule halikunigusa hata kidogo. Alizinduka akiwa amechoka, nguo zimemganda mwilini, akaomba maji ya kunywa, akauliza, "Nimefanya nini?" Mama alikuwa akimweleza maagizo tu. Amesema usile pweza. Amesema usifue siku ya Jumanne. Amesema usivae nyeusi. Hadija aliitikia kwa kichwa akaenda kubadili nguo. Watu wa Dzamandzar walikuja kutoka kila upande kuzungumza na Ampanjaka, wakarudi kwao wakimsifu, na yeye aliyekuwa akimbeba alimjua kwa makatazo peke yake.

Kisha ikaja posa. Bibi yetu mzaa Baba, ambaye kwa Kikomoro tulimwita Koko, aliishi Mahajanga, mtaa wa Tsaramandroso, na Hadija alikuwa amekwenda kwake Idi iliyotangulia. Huko alionekana na Abdu, kijana mwokamikate, mtu wa familia ya dini na mwenye tanuri lake mwenyewe. Habari za tromba zilipomfikia Abdu hakurudi nyuma. Alileta ujumbe kwamba yuko tayari kufanya kama wafanyavyo wengine mjini kwao: atakuja na kitambaa cheupe na chupa ya marashi, atakaa mbele ya Ampanjaka, atamwomba ruhusa ya kuoa. Kuna wanaume wengi waliooa hivyo wakaishi kwa amani, mume wa ndani na mume wa nje, kila mmoja na siku zake.

Koko hakutaka kusikia. Alipanda meli ya mizigo akaja Nosy Be mwenyewe, na umri wake ule, akakaa kwenye kiti cha Baba bila hata kuvua buibui.

"Kwezi, Koko," tukamwamkia.

"Mbona," akaitikia, maana ndivyo salamu hiyo inavyopokewa kwa Kikomoro, kisha akamgeukia Mama. "Mjukuu wangu hataingia ndani na waume wawili. Kuna fundi wa kusomea watu kule Boanamary. Nitampeleka huko, atatolewa kitu hicho, ndipo aolewe kama watu."

Mama alisema kwamba Ampanjaka si kitu. Alisema pia, na hapo ndipo masikio yangu yaliposimama, kwamba mgeni wa aina ile akitolewa kwa mtu hapotei, huhamia kwa ndugu yake wa damu. Koko akasema tutaona. Baba alikuwa ameshika kofia yake mkononi akiizungusha.

Ndugu wa damu wa Hadija alikuwa mmoja tu. Usingizi uliniruka kwa furaha. Niliomba niwemo safarini, nikasema nataka kumshika mkono dada yangu wakati anasomewa. Koko akanivuta kifuani, akamwambia Mama kwamba angalau huyu mdogo ameshika dini.

Nikaanza kujiandaa. Niliacha kula pweza. Jumanne nilikataa kufua, nikachapwa. Nilikuwa najimwagia maji kichwani nikakaa nayo bila kujifuta. Na juu ya yote nilikuwa naukalia mkono wangu wa kushoto, darasani, wakati wa kula, mpaka uwe mzito na usiohisi kitu. Kila ulipokufa nilisema moyoni kwamba anakaribia. Mwalimu alinitoa mbele akaniuliza nina nini chini ya paja, na darasa zima likanicheka. Niliwasamehe, maana hawakujua wanamcheka nani.

Tulisafiri kutoka bandari ya Hell-Ville, Koko, Hadija na mimi, melini juu ya magunia ya sukari. Bahari ilikuwa tulivu. Hadija alilala upande, ngumi ya kushoto imefungwa, na nguo zake zikawa zinalowa polepole ingawa mawimbi hayakufika pale tulipokuwa. Mabaharia walidhani amechafukwa na bahari wakamletea ndimu. Ampanjaka hakusema kitu safari nzima. Tulikuwa tunapita juu yake, nadhani.

Hadija alipozinduka aliniomba nimkamue nywele. Nilimuuliza kama anaogopa kwenda kwa fundi.

"Nimechoka kuwa nyumba ya mtu," akasema. "Nataka nikiamka nijue jana nilikuwa wapi."

Nikamwambia ni haki yake. Nilisema hivyo kwa moyo wote, maana nilikuwa nyumba nyingine, iliyofagiwa, mlango wazi.

Tsaramandroso palikuwa na joto na vumbi na nyumba za mabati zilizobanana, na mkate. Abdu alikuwa akituletea mkate kila asubuhi, wa moto, umefungwa kwenye kitambaa. Alikuwa mtu mwenye haya. Hakumtazama Hadija moja kwa moja, alilitazama bakuli alilolishika. Lakini kwangu ulimi ulimfunguka. Siku ya pili tu alinikabidhi kitumbua, akasema mbele ya wote, "Huyu mke wangu mdogo anakula kuliko bi harusi."

Koko akacheka. Wanawake wa uani wakacheka, kicheko kilekile cha shoga za Mama. Nilisimama na kitumbua mkononi. Nikajua, na papo hapo nikakataa kujua. Nikajiambia kwamba mwokamikate hutania, mfalme hatanii. Nikala kitumbua.

Boanamary ni kijiji cha kando ya mlango wa mto Betsiboka, mahali ambapo maji ni mekundu kwa udongo unaoletwa kutoka bara. Tulikwenda kwa lori. Fundi alikuwa mtu wa makamo mwenye mafua, kila baada ya aya chache anapenga kamasi kwenye leso na kutuomba radhi. Aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa maji ya waridi, na maji yale ya manjano akampa Hadija anywe. Koko alikaa nyuma na tasbihi. Mimi nilikaa ubavuni kwa dada yangu, mkono wa kushoto nimeukalia.

Hadija alimaliza kunywa. Kikohozi kikaja. Nywele zikalowa.

"Asalamu alaykum, mgeni," fundi akasema.

"Kwezi," akajibu Ampanjaka. Ni salamu ya Wasakalava kwa wafalme wao, na ni salamu yetu Wakomoro kwa wazee wetu. Alimpa fundi, akampa na Koko. Koko hakuitikia.

Fundi alimweleza kwa adabu, kama mtu anayemwomba mpangaji mwema ahame. Binti anataka kuolewa, akasema, naye amebeba vya kutosha. Ampanjaka alisikiliza mpaka mwisho, kama ilivyokuwa desturi yake. Kisha akauliza, "Ameomba mwenyewe?"

Fundi akamtazama Koko. Koko akanitazama mimi.

"Ameomba mwenyewe," nikasema. "Amesema amechoka kuwa nyumba ya mtu."

Akaitikia kwa kichwa, mara moja. Sijaona tena mtu akipokea habari nzito kwa utulivu ule. "Basi nitatoka," akasema.

Nilikuwa nikiingoja saa hiyo. Nikauchomoa mkono wangu chini ya paja, nikamnyooshea, unaning'inia kama samaki.

"Njoo kwangu," nikamwambia. "Mimi niko tayari. Tazama, mkono umekwisha kufa."

Nilisikia tasbihi ya Koko ikianguka. Fundi alikuwa amepeleka leso puani, akaiacha hapohapo. Ampanjaka aliuchukua mkono wangu kwa mkono wa kulia wa Hadija, akaanza kuusugua, taratibu, kuanzia vidoleni mpaka kiwiko. Ukaanza kuwasha. Damu ikarudi, ikachoma kama upupu, machozi yakanilenga.

"Umeukalia," akasema.

Nikautazama mkeka.

"Nilikuwa nakutania, mtoto. Mdogo wa mke hutaniwa." Hakucheka. Angecheka ningemchukia, na huenda ningepona. "Huyu niliyemkalia sijapata kumwona hata siku moja. Nikiingia, yeye ameondoka. Akirudi, mimi sipo. Tunapishana mlangoni. Nimekaa ndani ya mtu nisiyemjua sauti. Wewe umetuona wote wawili. Akiamka ataniulizia. Mwambie."

Nilielewa. Nilikuwa mtoto, sikuwa mpumbavu. Siku zote zile, garimoshi, bendera, maswali ya shule, alikuwa anazungumza na mimi kwa sababu mimi nilikuwa mtu wa karibu zaidi na yule aliyemtaka, na yule aliyemtaka ndiye mtu pekee kisiwani ambaye asingeweza kumwamkia. Niliona haya, haya ya moto, kisha haya nayo ikaondoka. Haikuja hasira wala kilio nyuma yake.

Hadija akainama juu ya sahani tupu akatapika maji. Hayakuwa maji ya zafarani, na hayakuwa ya mto ule mwekundu. Yalikuwa meupe, safi, yakajaa sahani yakafurika kwenye mkeka. Fundi alichovya kidole akaonja, akatema. Bahari, akasema. Mkono wa kushoto wa dada yangu ukafunguka kidole kimoja kimoja. Aliutazama kama kitu alichookota, akaomba maji ya kunywa.

Koko alimkumbatia akalia kwa furaha. Mimi waliniuliza kama naumwa, nikasema hapana. Ilikuwa kweli. Mkono wangu ulikuwa umepona, nao peke yake ndio niliouhisi.

Niseme haraka yaliyofuata, maana ni ya kawaida. Hadija aliolewa na Abdu, akazaa, akazeeka vizuri. Alikula pweza. Alifua Jumanne. Mimi sikukaliwa na mtu yeyote, siku hiyo wala baadaye, ingawa Mama alinichungulia kwa miaka. Niliolewa na mtu mwema, nikamzika, na watu waliniambia hata wakati ule kwamba nina moyo mgumu. Moyo wangu si mgumu. Uliulizwa swali mapema mno, ukajibu kwa sauti mbele ya watu.

Siku ile tulirudi na lori lilelile, limepakia magunia ya mkaa. Koko alikaa mbele na dereva. Mimi na Hadija tulikaa nyuma juu ya magunia, jua la mchana likituchoma, vumbi jekundu likituganda usoni. Alikuwa macho kabisa. Alitazama kila mti, kila ng'ombe, kila mtu aliyepita na mzigo, kama anayehesabu vilivyo vyake. Nilijiombea asiulize. Kwa muda mrefu hakuuliza.

"Ameondoka?" akasema mwisho.

"Ameondoka."

"Alikuwaje?"

Ningeweza kusema sijui. Nilikuwa na haki ya kubaki na kitu. Lakini yeye hakuwa na chochote, na mimi nilikuwa nimeambiwa, na aliyeniambia hakuwepo tena nimkasirikie. Nikamwambia. Nilimweleza jinsi alivyoshika sigara ndani ya kiganja. Nilimweleza kwamba alidhani garimoshi ni mnyama, na kwamba alipoambiwa si mnyama alisikitika. Nilimweleza juu ya chombo kilichojaa na jinsi alivyoshuka majini, na alichosema kuhusu bendera. Nilimweleza jinsi alivyonyamaza mpaka mtu amalize. Kila nilichokisema kilitoka kwangu na hakikurudi, nikawa nahisi wepesi usiopendeza, na nikaendelea, sikuruka kitu, hata ule utani. Nilimwambia alivyosema kwamba walipishana mlangoni. Hadija alisikiliza amekunja magoti, kitambaa kimeanguka mabegani. Hakulia, wala mimi sikulia. Tulipoanza kuziona nyumba za mabati aliuliza swali moja tu.

"Alikuwa anachekaje?"

Nikafikiri. Nilikuwa nakisikia bado kile kicheko, ndicho kitu cha mwisho nilichokuwa nimekibakiza.

"Kwa mdomo wako," nikamwambia.

Hadija akapeleka vidole midomoni, akaigusa taratibu, upande huu na upande huu, kama mtu anayepapasa ukuta wa chumba ambacho amekuwa akiambiwa kimo nyumbani mwake. Lori likasimama. Abdu alikuwa ametoka kutupokea, mikono imejaa unga hadi viwikoni, anauliza kama salama, kama njia ilikuwa nzuri, na dada yangu alikuwa bado hajaviondoa vidole midomoni.